Usibebe Ile Kadena

Nsimire mwanangu,

Kwanza ujue sikupekua valizi yako ya safari. Mama yako alinituma nikaze mukanda wake, juu ile kifungo imelegea tangu zamani. Nikainua, na kitu kizito kikaniangukia ku kidole cha muguu. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama kuna mwizi. Kuangalia chini, kadena. Kufuli kubwa ya chuma, mupya, bado iko na mafuta, umeikunja ndani ya blouse yako nyeupe ya kazi. Sasa nimekaa ku kitanda chako nayo mu mukono, kidole kinavimba, na wewe umeenda kuaga wenzako wa korali. Kesho asubuhi unaondoka, kwa hiyo ninaandika leo.

Mambo ya sabuni, ya chumvi, ya kuchemsha maji na kutolala na nguo za kuloa, mama yako amekwisha kuyasema, na atayasema tena kesho mpaka gari liondoke. Mimi siyo mutu wa mashauri, unanijua. Mimi ni mutu wa makelele. Ku hospitali wananiita Papa Usingizi, sababu njo mimi ninalalisha wagonjwa mbele munganga awapasue, na wewe na mama yako munacheka siku zote kwamba hakuna mutu anayeweza kulala fasi niko. Leo nitajaribu kusema polepole. Naandika namna tunavyosema hapa Nguba, juu Kiswahili cha katekista kinanishinda.

Kazi ya ile kadena ninaijua. Jumapili mulikuwa ku meza, ulifikiri nasikiliza radio. Ulimuambia mama yako: "Kule Mwenga nitakuwa muuguzi peke yangu. Mugonjwa akikata pumuzi, nafunga mulango, familia ilie inje, mimi nafanya kazi yangu." Mama yako akaitika, juu amesikia kwamba wachimbaji wa zahabu wanapiga watu. Ulikuwa unakumbuka ile siku ya stage, ya mazoezi ya kazi, wakati ile mama alikupiga makofi juu umefinya kifua cha mutoto wake. Ulirudi nyumbani na shavu limevimba na hukula. Nilikuona, na nilinyamaza, na Jumapili pia nilinyamaza. Nilikosea kunyamaza. Ule mulango unataka kufunga, mimi nilikwisha kuufunga mbele yako, na nitakuambia kilichotokea.

Umekua ukijua kwamba meno yangu mawili ya mbele yalibaki ku barabara ya Luvungi, siku nilianguka na baisikeli juu ya jiwe. Ulipokuwa mudogo uliniomba nikuonyeshe lile jiwe. Hakuna jiwe, mwanangu. Mu nyumba hii tunajua kudanganya vizuri sana.

Hukuwa umezaliwa bado. Nilikuwa nimetoka masomo ya usingizi, na kiburi yangu haikuwa inapita ku mulango. Munganga alinikabizi laringoskopi, kile chuma chenye taa ndogo tunachoangalia nacho ndani ya koo, na mimi nilikuwa natembea nacho mu mufuko kama chifu na fimbo yake. Siku moja ya mchana likaingia lori kutoka Miti, limejaa watu wa arusi. Wote wamevaa vizuri, bibi arusi analia, bwana arusi koti yake ya abakosi imeloa damu. Familia mbili zilikuwa zimegombana juu ya kichwa cha mbuzi, nani apewe. Unajua wakwe, unajua kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mutu mumoja akakamata mutwangio wa majani ya sombe akamupiga nao ndugu ya bwana arusi, nyuma ya kichwa. Walimuleta juu ya benchi ya wageni, benchi bado iko na maua.

Alikuwa anakoroma. Wewe unalijua lile koromo, siyo la usingizi, ni ulimi umeanguka nyuma na unaziba njia. Tulipomuweka ku kitanda, koromo likakatika. Kimya. Na palepale shangazi wake, mama munene mwenye sauti, akavua kitambaa chake cha kichwa akakikunja kuwa kamba. Alikuja kumufunga taya. Unajua namna wazee wetu wanavyoogopa maiti yenye mudomo wazi. Wanasema inaita mwingine wa nyumba ileile aifuate. Kwa hiyo mutu akikata pumuzi tu, mukubwa wa familia anafunga taya mbele mwili upoe. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anafanya kwa upendo na kwa woga.

Mimi nilimunyanganya kile kitambaa. Nilikitupa chini, mbele ya watu wote, mbele ya wakwe. Nilimusukuma ku kifua. Nikapaza sauti: "Inje! Wote inje! Mushenzi usiguse mugonjwa wangu!" Mwenzangu mu kazi, muuguzi, infirmière mutu muzima, akaniambia tuache angalau mutu mumoja wa familia abaki. Naye nikamutoa. Nikafunga mulango na kadena, nikaweka funguo mu mufuko. Nilijisikia mwanaume kabisa.

Sasa fikiri, Nsimire. Mikono ni mbili. Nafinya kifua, nakimbia ku kichwa, nashika maski na mukono mumoja, na mwingine nafinya balo, ule mupira wa hewa. Huyo kijana alikuwa na ndevu. Maski inavuja pembeni, hewa inatoka inje pfuu, pfuu. Narudi ku kifua. Narudi ku kichwa. Nikasema basi, niweke tiyo, ule mrija wa hewa, ku koo, yaishe. Nikafungua mudomo na laringoskopi, na taa yake ilikuwa nyekundu, inakufa. Zile pile, betri zake, tulikuwa tumezitia mu radio juu ya mechi, tukazirudisha zimekwisha nguvu. Nikainama pale kutafuta tundu mu damu, na wakati natafuta, hakuna anayefinya kifua. Nikaona kitu cheusi, nikasukuma tiyo. Nikafinya balo.

Na kitu kikapanda. Hapa njo nataka usome polepole. Kitu kilipanda, nikafurahi. Lilikuwa tumbo. Niliona kwa macho yangu kwamba ni tumbo linapanda, siyo kifua, na nikajiambia vizuri, hewa inaingia, kazi inaenda. Juu inje walikuwa wanapiga mulango, na mimi sikutaka kuwafungulia bila ushindi. Nikapanda juu ya kitanda, nikafinya kifua na nguvu zangu zote, mbavu zikalia kwaa. Wewe umesikia mulio ule. Inje nao waliusikia.

"Iko namuvunja! Iko namuua mutoto yetu!"

Walichukua ile benchi ya arusi wakaigonga ku mulango mpaka mulango ukaanguka pamoja na kadena yake. Wakaona nini? Wakaona mwanaume amepanda juu ya mutoto wao, damu mpaka ku viwiko, tiyo inatoka mu mudomo kama ya kusukuma tairi, na tumbo limejaa kama la mama wa miezi tisa. Kama ni wewe ungefikiri nini? Muguu wa benchi ulinipata ku mudomo. Nilianguka chini, na wakanikanyaga. Nakumbuka viatu, vilikuwa vyeupe, vya arusi, vipya. Walinipiga ku mbavu, ku figo, mutu mumoja akanikamata masikio akanigonga kichwa ku sakafu ya sima. Nililia "Maman!" kama mutoto mudogo, sikusikia haya.

Kutoka chini ya kitanda nikaona shangazi. Alichomoa tiyo. Akaokota kitambaa chake pale nilipokitupa, akakipangusa, akakizungusha chini ya kidevu mpaka juu ya utosi, akakaza mara mbili. Alikuwa analia bila sauti. Na mimi niliona, ao nafikiri niliona, wakati tiyo inatoka, koo la kijana likameza. Mara moja. Sijui. Miaka yote hii sijui. Damu ilikuwa mu macho yangu, na mudomo wangu haukuwa na meno ya kusema "ngojeni". Nilibaki chini ya kitanda, na wakamubeba wakaenda naye, taya imefungwa vizuri.

Ku hospitali walisema familia ile ni wanyama. Walinipa ruhusa, wakanipa maziwa, wakanisifu. Nami nikasema ndiyo, ni wanyama. Nilisema hivyo kila fasi, ku mangaribi ya kasiksi, ku kanisa. Lakini tiyo ilikuwa mu tumbo, Nsimire. Wale wa arusi walisema nimemuua na ile tiyo, na mimi nilijua kwamba hawako mbali na ukweli. Hiyo sikumuambia mutu, hata mama yako, mpaka leo naandika hapa. Nasikia haya sana.

Usinililie. Chukua ya kazi, juu kule hakuna munganga wa kukusaidia. Mutu hafi juu amekosa tiyo. Anakufa juu amekosa hewa. Pangusa mudomo kwanza, toa damu, toa matapishi, toa meno yaliyovunjika. Kama shingo iko na mashaka, usiipinde, sukuma taya tu mbele na ulimi utafuata wenyewe. Maski ikae vizuri. Macho yako yabaki ku kifua. Kikipanda, uko ku njia. Tumbo likipanda, umepotea, na kelele za inje zisikufanye ukatae kuona. Na usiache kufinya kifua juu unatafuta tundu na taa. Haya waliwafundisha ku masomo, najua, utaniambia "Papa, tulifanya hayo mu mwaka wa pili". Hawakuwafundisha yale mengine. Kwa yale mengine nilihitaji tonton wako.

Tonton Mugisho, mudogo wangu, yule atakayekupeleka kesho na lori lake. Wewe na ndugu zako mulimuita Tonton Bata juu ya sauti yake, ile kwa-kwa-kwa, na yeye alicheka na kuwapa mukate. Tuliwaambia kwamba ni kanyanga, ile pombe kali, ilimuunguza koo alipokuwa kijana. Maskini Mugisho, hajawahi hata kunusa kanyanga. Tulidanganya juu kulikuwa na mutu ambaye hakupaswa kujua ukweli, na mutoto hajui kufunga mudomo. Yule mutu sasa amekwisha kutoka mu muji huu, wanasema amekufa. Hata hivyo ukimaliza kusoma, choma hii karatasi.

Ulikuwa unaanza kutambaa. Ilikuwa asubuhi, saa ya kupandisha drapo, bendera ya inchi. Unajua sheria: drapo ikipanda, kila kitu kinasimama, mutu, gari, hata mama aliyebeba mutungi ku kichwa. Mugisho alikuwa anashuka ule mulima ulio mbele ya kambi ya maaskari na baisikeli, amefunga nyuma mufuko wa makala ya kupikia. Na baisikeli haikuwa na fren, breki. Wote walijua, alikuwa anasimamisha na kisigino. Watu wote wamesimama wima kimya, clairon, ile tarumbeta yao, inalia, na yeye anakuja kasi, analia: "Sina fren! Ba papa, sina fren!" Kuna waliocheka. Alipita kati ya drapo na kamanda, akamugonga soda mumoja, askari wa kamanda, wakaanguka wote wawili mu makala.

"Telema!" Wakamuambia asimame, na kila alipojaribu kusimama wakamuangusha. Walimupiga na matako ya bunduki. Ku mugongo, ku mikono aliyoiweka mbele ya uso, kisha mikono ikaanguka na wakapiga uso. Mumoja alimuwekea buti ku koo, akasimama juu yake. Watu wa barabarani hawakusogea, juu drapo ilikuwa bado haijafika juu. Wimbo ulipokwisha, wachuuzi wa makala wakamutia mu pusupusu, kigari cha kusukuma, wakamukimbiza kwetu ku hospitali. Nyuma yao alikuja soda mumoja, anatembea polepole, bunduki ku bega. Kamanda alikuwa amemutuma aangalie kama yule mutu amekwisha. Na kama hajaisha, tulijua wote kazi yake ni nini.

Sikumutambua mudogo wangu ku uso, juu uso haukuwapo. Nilimutambua ku shati, lilikuwa shati langu. Mudomo umejaa damu nzito na meno. Ulimi nyuma. Nikaweka vidole ku shingo, hakuna kitu. Nikakanyaga ile mashini ya kuvuta, ikavuta damu, ikaziba, nikaingiza vidole vyangu mwenyewe nikatoa vipande. Nikafinya kifua. Yule soda akasimama ku mulango, akaangalia, akasema na Lingala yake: "Akufi." Amekufa. Akaketi mu kuluwari, inje ya mulango, akawasha sigara, anangoja aone tukimufunika.

Halafu nikasikia viatu vya mama yangu. Nyakulu yako alikuwa anauza sambaza ku soko, walimuita, alikimbia njia yote na harufu ya samaki. Aliingia, akamuona. Hakupiga kelele. Alisema tu kwa Mashi, lugha yetu, "Mwana wani, mwana wani," mwanangu, mwanangu. Akashika pindo la kikwembe chake, akalipasua, rrraa, kipande kirefu. Akakisokota.

"Sogea," akaniambia. "Niache nimufunge mbele apoe. Asikuite wewe pia."

Nsimire, niliinua mukono. Mukono uliinuka wenyewe kumusukuma mama yangu muzazi. Na "Inje!" ilikuwa imefika ku ulimi, nikafungua mudomo niiseme, na ulimi wangu ukapita fasi meno hayako. Nikasikia ile fasi. Nikaona kile kitambaa kingine, na viatu vyeupe. Mukono ukashuka.

Nikamuambia, "Mama, kuja hapa ku kichwa. Shika taya."

Akanipiga kofi, la nguvu, mpaka sikio likalia. "Uko nacheza na mufu? Na mutoto ya tumbo yangu?"

"Utanipiga kiisha, Mama. Utanipiga mpaka uchoke. Ulikuja kushika taya, eh? Basi ishike. Usiifunge. Ivute mbele. Hapa, nyuma, chini ya masikio. Na nguvu."

Aliniangalia. Sijui aliona nini. Alitupa kile kipande ku bega, akapiga goti nyuma ya kichwa cha Mugisho, akaingiza vidole vyake vya sambaza nyuma ya taya, akavuta. Mama yangu alikuwa amefunga taya nyingi mu maisha yake, za wazee, za watoto, ya baba yangu. Alijua taya. Niliisikia inakuja mbele. Nikaweka maski, nikamuonyesha namna ya kuikandamiza na vidole gumba huku vingine vinavuta. Mikono yake miwili ikabaki pale, na yangu miwili ikawa huru. Nikafinya balo.

Kifua kikapanda. Siyo tumbo. Kifua, Nsimire!

Nikafinya kifua, nikafinya balo, kifua, balo. Mbavu zikalia kwaa, na mama yangu akafumba macho lakini hakuachia. Nikamuambia, "Mama, hiyo ni mimi, ni mbavu, zitapona." Akasema, "Fanya kazi, wacha maneno." Jasho lake lilikuwa linaanguka ku paji la uso wa Mugisho. Alianza kumutukana Mugisho, jina kwa jina, muvivu, mutoto wa fren ya kisigino, utaniacha na nani. Kucha zake ziliingia mu nyama. Niliona damu inatoka chini ya masikio, na sikumuambia aache, juu kifua kilikuwa kinapanda.

Mugisho alikohoa damu mu uso wa mama yangu. Akavuta pumuzi moja mbaya, ya kukwaruza, kisha nyingine. Ku shingo mushipa ukaanza kupiga, kidogo, haraka. Nilitaka kupiga kelele ya furaha, na njo nikakumbuka sigara mu kuluwari.

Nilimuangalia mama, naye akaniangalia. Alichukua kile kipande cha kikwembe ku bega, akakizungusha ku kidevu na utosi wa Mugisho, kimelegea, kidole kinapita, akamulaza ubavu, akavuta shuka mpaka juu ya macho, fundo la kitambaa likabaki wazi ku utosi. Kisha akatoka mu kuluwari, akaweka mikono ku kichwa, akalia kilio cha mufu. Mungu wangu, nimesikia vilio, lakini kile! Wamama wote wa kuluwari wakasimama wakalia pamoja naye. Mimi ndani ya shuka nimeingiza kichwa kama mutu anayelia, nimeshika taya ya mudogo wangu mbele, ninamuambia mu sikio, "Vuta. Polepole. Usikohoe, ndugu yangu, tafadhali usikohoe." Yule soda akaja mpaka ku mulango. Aliona shuka, aliona kitambaa juu ya kichwa kimefungwa namna familia zetu zinavyofunga. Akazima sigara ku ukuta akaenda.

Tulimuficha Mugisho mashambani kwa wajomba mpaka wakati ulipopita, yule kamanda asijue kwamba hajafa. Sauti haikurudi, ile buti iliondoka nayo. Nyakulu hakunipiga tena. Ila kila Pasaka, akinywa kidogo, aliniuliza mbele ya watu, "Na wewe, siku ile ulitaka kunisukuma, si ndiyo?" Nami nilisema hapana, Mama. Na yeye alijua. Nyakulu alipokufa mwaka jana, njo mimi nilimufunga taya. Ulikuwa pale. Uliniuliza kwa nini nimetoa wamama wote nimefanya mwenyewe, na nilikukemea. Nilikuwa nataka kushika ile taya mara moja tu.

Kule Mwenga watakuja. Watamuleta mutu kutoka mu shimo la zahabu amefukiwa, ao amepigwa chupa, na nyuma yake kutakuwa mama, ao shangazi, na kitambaa kimesokotwa mu mukono. Moyo wako utapiga na utatafuta kadena. Ninakuomba usiitafute. Huyu mutu aliyekuja kufunga mudomo ni mutu pekee mu kile chumba ambaye tayari anataka kushika taya. Mupe. Muite "mama", siyo "mushenzi". Muambie mbele ufinye kwamba mbavu zitalia. Atakupiga kofi pengine, ulipokee. Na mutu akikufa hata hivyo, juu wengi watakufa, Nsimire, mikono yako na yangu siyo ya Mungu, basi huyu mama atakuwa ameona kila kitu ulichofanya, na ni yeye atasimama ku mulango awaambie wengine wasikuguse. Baada ya hapo umuachie afunge, na umusaidie kukaza. Mimi sitakuwa pale kukufunika na mugongo wangu, na hilo ndilo linaniogopesha usiku na mchana, naliandika wazi, mimi Papa wako mwenye makelele.

Kadena nimeichukua. Nimeifungia kibanda cha kuku, mama yako anafurahi, na funguo hutaipata. Usigombane nami kesho ku mulango, juu nitalia na majirani wataona.

Panda mbele, pembeni ya Tonton. Njia ni mubaya na lori halina haraka, mutasimama mara mingi. Fasi mutakaposimama, muombe afungue kola ya shati. Mumezoea kumuona amefunga mpaka juu hata ku jua kali, mukafikiri ni kujidai. Atacheka kwa-kwa-kwa, halafu atafungua, nimekwisha kumuomba. Nyuma ya taya, chini ya kila sikio, utaona kovu, kucha za nyakulu yako. Weka vidole vyako palepale, kulia na kushoto, na vuta mbele kidogo.

Njo fasi yenyewe.

Papa wako